Usinunue RAM nyingine kabla hujajua iliyopo inaishia wapi

Kompyuta imefungwa RAM ya GB 8, lakini yenyewe inasema inatumia GB 3.25 tu. Ukifungua kazi tatu kwa pamoja inaganda, mteja amesimama anasubiri kopi zake, na mtu wa pembeni ameshatoa ushauri: ongeza RAM. Usiongeze. Mashine iliyoshindwa kutumia RAM uliyokwisha kuilipia haitaitumia utakayoongeza.

Nawalenga hasa wenye steshenari za Kaloleni, Arusha, kuanzia jirani na Uwanja wa Sheikh Amri Abeid hadi vichochoroni, na wanafunzi wenye laptopu za mtumba. Kosa la leo linauma kuliko la zamani: tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda duniani, kwa sababu viwanda vinapeleka chipu nyingi kwenye vituo vya data vya akili mnemba. RAM za mtumba nazo hazikubaki nyuma.

Anza na kisichogharimu hata shilingi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause, kisha usome mstari wa “System type”. Ukikuta Windows ni ya biti 32, huna haja ya kutafuta mchawi zaidi. Kila sehemu ya kumbukumbu inahitaji namba yake, na biti 32 zinatoa namba 4,294,967,296 basi, yaani GB 4. Ni kama posta iliyoishiwa masanduku: namba nyingine zimeshagawiwa kadi ya picha na vifaa vingine, wewe unabakiwa na GB 3 na ushee. Ufunge GB 8, ufunge 16, jibu ni lilelile.

Mstari huohuo ukitaja “x64-based processor”, furahi. Prosesa inaweza kazi. Aliyekupigia Windows ndiye aliyekupa isiyofaa. Kuna pia vilaptopu vidogo vya miaka ya 2010 vilivyokuja na Windows 7 Starter, ambayo inaishia GB 2 kwa makusudi ya watengenezaji. Hivyo havistahili pesa yako yoyote.

Dawa ya biti 32 ni kupiga Windows ya biti 64, na hapa ndipo gharama za pembeni zinapoingia. Huwezi kupanda moja kwa moja kutoka 32 kwenda 64; lazima kufomati. Fundi atakutajia bei ya kupiga Windows. Ukikubali bila kuuliza, jioni unakuta kuhamisha mafaili kuna bei yake, draiva zina bei yake, programu ya kuandikia ina bei yake, na antivairasi ambayo hukuiomba nayo imo kwenye hesabu. Kwa mfano tu, weka tarakimu utakazotajiwa wewe: 20,000 ya Windows, 10,000 ya mafaili, 5,000 ya draiva, 10,000 ya programu. Kazi ya elfu ishirini imefika elfu arobaini na tano, na duka limelala siku nzima. Uliza bei ya kazi yote, mashine ikiwa tayari kuchapa.

Akikuuzia “leseni mpya” kwa sababu unahamia biti 64, kataa. Kama Windows yako ni halali, leseni ileile inafanya kazi kwa biti 32 na biti 64, ilimradi ni toleo lilelile. Kama si halali, hiyo ni habari nyingine, na anachokuuzia huenda kisiwe halali pia.

Mwenye steshenari ana mtego mwingine ambao mwanafunzi hana: printa. Printa na skana nyingi za zamani zina draiva za biti 32 peke yake. Ukipiga biti 64 unapata RAM yote na kupoteza printa inayokulisha. Kabla ya kufomati, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuta namba ya printa yako, uone kama kuna draiva ya biti 64. Kama haipo, linganisha: bei ya printa nyingine na wino wake, dhidi ya kuendelea na GB 3 kwa kufungua kazi moja moja. Kwa duka linalochapa barua na kutoa kopi, mimi ningebaki na printa.

Sasa tuseme Windows yako tayari ni ya biti 64 na RAM bado haitimii. Andika msconfig kwenye sehemu ya kutafutia, fungua “Boot”, kisha “Advanced options”. Kisanduku cha “Maximum memory” kikiwa na tiki, ondoa tiki, uwashe mashine upya. Kuna watu hukitia tiki kwa kuamini kinaongeza kasi. Kazi yake ni kubana.

Bado? Zima, chomoa umeme, toa betri kama inatoka, fungua mashine. Vumbi la Arusha miezi ya kiangazi linaingia kila mahali, na mguso wa RAM ukichafuka bodi inasoma kipande kimoja kati ya viwili. Sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa mabaki, kisha kipachike hadi vishikizo vilie. Jaribu kila kipande peke yake katika kila sloti. Kipande kikikataa sloti zote, kimekufa. Sloti ikikataa vipande vyote, tatizo ni bodi, na kubadilisha bodi ya kompyuta ya mtumba ni kuilipia mashine mara ya pili.

Ukimwachia fundi akufanyie, piga picha lebo za RAM zako kwanza, namba zionekane. Mashine kurudi na kipande kidogo kuliko kilichoingia si jambo geni.

Kama kinachopotea ni GB nusu au moja tu, acha. Picha za kioo zinachukua sehemu ya RAM kwenye mashine zisizo na kadi ya picha ya peke yake. Kununua kadi ili uokoe nusu GB ni hasara tupu.

Kuna mashine ambazo ugonjwa wao hautibiki. Laptopu za miaka ya 2006 hadi 2008 zenye chipu za Intel 945 zinaishia GB 3 na kitu hata ukizipa Windows ya biti 64. Mwenye mashine ya namna hii anunue SSD badala ya RAM. Kasi utaiona siku hiyohiyo, na siku laptopu ikifa unaichomoa SSD na kuihamishia mashine nyingine inayotumia ya aina hiyo. RAM ya DDR2 haina pa kuhamia.

Ikithibitika kwamba kweli unahitaji kununua, soma lebo ya RAM iliyomo, usiseme tu “nipe ya GB 4”. DDR2, DDR3 na DDR4 haziingiliani, pengo la katikati liko mahali tofauti. Kinachowaponza wengi ni DDR3 na DDR3L za laptopu: zinaingia sloti moja, ila ya kwanza inataka volti 1.5 na ya pili 1.35. Laptopu za Intel kizazi cha nne zinahitaji yenye L, lebo iandike PC3L. Kwa kompyuta za mezani jihadhari na kipande cha bei ya chini ajabu kilichoandikwa “AMD”. Kwenye bodi ya Intel mara nyingi hakisomeki kabisa, na hapo umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kuagiza Kariakoo au kuvuka Namanga kwenda Nairobi kunaweza kupunguza bei ya kipande, lakini jumlisha nauli au kifurushi cha basi, halafu ujiulize kikiwa kibovu nani analipa kukirudisha. Kwa kipande kimoja, nunua hapahapa mjini hata kwa elfu chache zaidi, mahali unapoweza kurudi kwa miguu.

Na kabla ya kununua mashine nyingine kwa hasira: Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kuendelea. Kompyuta ya kizazi cha nne yenye kibandiko cha Windows 11 imelazimishwa. Kama kazi zako ni kuandika na kuvinjari, Lubuntu ya biti 64 ni ya bure na inatumia RAM yote. Gharama yake ni mpangilio wa nyaraka za wateja kuhama kidogo, na hiyo kwa steshenari si ndogo.

Dukani beba mashine yenyewe. Kipande kipachikwe, mashine iwashwe, usome GB kwa macho yako ndipo utoe pesa na kudai risiti ya EFD. Muuzaji akikupa bei ya chini “bila risiti”, anapunguza pia ushahidi wako wa kurudisha. Omba angalau wiki moja ya kubadilishiwa, iandikwe kwenye risiti, kisha usiku huohuo weka Memtest86+ kwenye flashi, nayo ni bure, uiache izunguke hadi asubuhi. Mstari mwekundu hata mmoja, rudisha.