Ndege masaa 11, mzigo wiki mbili. Mteja wako anajua kwa nini?

"Dada, ndege si inatoka China asubuhi, jioni iko Dar? Mbona mzigo wangu wiki ya pili sasa?"

Kama unauza mtandaoni kwa oda za kuagizia, swali hili umeshalipata. Ukilijibu kwa kubabaika, mteja anaanza kuhisi umekula hela yake.

Tuanze na safari yenyewe ✈️

Guangzhou hadi Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka angani, ni kama kilomita 8,700. Hadi Nairobi ni karibu hivyo hivyo. Ndege kubwa inakwenda kama kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo ikija moja kwa moja, kama ile ya Air Tanzania, ni masaa 10 hadi 11. Ikipitia Dubai au Addis Ababa njia inafika kama kilomita 9,800, na hapo bado masaa ya kusubiri ndege ya pili.

Kwa hiyo mteja hajakosea. Angani mzigo haumalizi hata siku moja. Siku zinaliwa chini:

1️⃣ Muuzaji wa China kuandaa bidhaa na kuipeleka ghala la wakala wako.
2️⃣ Wakala kukusanya mizigo ya watu, kupima, kufunga na kusubiri nafasi. Ndege ya abiria inabeba kwanza mabegi ya abiria, mzigo wako unapata nafasi inayobaki.
3️⃣ Forodha ikishafika, kisha wakala kupanga na kukupigia ukachukue.

Ufanyeje?

✅ Usimtajie mteja muda wa ndege. Jumlisha hatua zote. Mfano: siku 3 kufika ghala, 3 kusubiri ndege, 1 safari, 3 forodha. Hizo ni 10. Ongeza 4 za dharura, mwambie 14. Ukifika siku ya 11 atakusifia. Ukiahidi 7 ukaleta siku ya 11, umechelewa, ingawa mzigo ni ule ule.

✅ Muulize wakala siku anazohesabu zinaanzia wapi: ulipolipia, mzigo ulipofika ghala, au ndege ilipoondoka? Wengi mnagombana hapa.

✅ China wako mbele yetu masaa 5. Wakifunga kazi saa 12 jioni, kwetu ni saa 7 mchana. Ukituma oda saa 2 usiku, kule ni saa 7 usiku, watu wamelala. Tuma asubuhi, unaokoa siku nzima.

✅ Angalia sikukuu zao. Mwaka Mpya wa Kichina unaangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, viwanda vinafungwa. Wiki ya kwanza ya Oktoba pia wanapumzika.

✅ Power bank na betri za lithiamu zisizo ndani ya kifaa hazibebwi kama mzigo kwenye ndege ya abiria. Ukizichanganya na nguo kimyakimya, mzigo wote unaweza kuzuiliwa.

Mteja anaweza kuvumilia siku 14 alizoambiwa mapema. Asichovumilia ni "kesho" tatu mfululizo.

Wewe huwa unawaambia wateja siku ngapi? Mtumie na mwenzako anayeagiza China 👇