Mama, daftari na masomo ya jioni

Katika mitaa yetu ya Goma kuna wamama wanaofunga kibanda saa kumi, wanapitia nyumbani kupika, kisha wanachukua daftari na kwenda kusoma uhasibu. Wengine wana diploma ya Serikali iliyokaa miaka mingi ndani ya sanduku. Wengine wana haya kukaa darasani na vijana wenye umri wa watoto wao. Je, taabu hii ina faida?

Tuangalie mfano. Mama anauza maharagwe katika soko la Virunga. Ana dola 110 katika kese. Ananunua maharagwe ya dola 100, analipa mbebaji dola 5 na kodi ya soko dola 1. Zinabaki dola 4. Anauza yote kwa dola 120, lakini jirani amechukua ya dola 20 kwa deni. Jioni kese ina dola 104. Mama anasema: «Nilianza na 110, basi nimepata hasara.» Hapana! Alitumia 106, akauza 120: faida yake ni dola 14. Pesa ya kese 104 na deni la jirani 20 ni 124, ndiyo ile 110 ya mwanzo pamoja na 14 ya faida. Mama huyu hakupata hasara. Shida yake ni deni ambalo hakuliandika, na akilisahau, hasara itakuja kweli.

Ndiyo kazi ya uhasibu: kila jambo linaandikwa mara mbili, pesa imetoka wapi na imeenda wapi. Mtawa wa Italia, Luca Pacioli, alieleza njia hiyo katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494, na wafanyabiashara walikuwa wanaitumia hata kabla yake. Wanaoanza wanakwama kwenye maneno «debi» na «kredi». Sisi tukisema kredi, tunafikiri deni. Darasani, debi ni upande wa kushoto tu, na kredi ni upande wa kulia. Ukikubali hivyo tangu siku ya kwanza, utaenda vizuri.

Kabla ya kulipa pesa ya masomo, uliza maswali manne. Kwanza: wanafundisha mfumo gani? Mama aliyesoma biashara zamani alijifunza mpango wa nchi yetu wa mwaka 1976. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na mfumo wa SYSCOHADA uliorekebishwa ulianza tarehe 1 Januari 2018. Humo kese ni nambari 57, benki 52, wateja 41. Matumizi yanaanza na 6, mauzo na 7. Wafanyabiashara wadogo wana mfumo wao mwepesi, unaofuata pesa inayoingia na inayotoka. Pili: cheti kinatambuliwa na nani? Tatu: masomo yanamalizika saa ngapi, na utarudi nyumbani na nani? Nne: kuna mazoezi ya mkono, au ni kunakili tu ubaoni? Masomo ni kwa Kifaransa. Ukipata mwenzako wa kurudia naye kwa Kiswahili, mzigo utapungua.

Nyumbani pia kuna mazungumzo. Sheria ya Familia ya 1987 ilidai mama aliyeolewa apate ruhusa ya mume ili afanye mapatano ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Sasa bibi na bwana wanapaswa kupatana. Basi kaeni pamoja mpange: nani atabaki na watoto siku za darasa, na pesa ya masomo itatoka wapi bila kugusa mtaji.

Sasa tuseme juu ya vikundi vyetu. Akiba ya kikundi kwa njia ya sanduku ilianzia Niger mwaka 1991, na sanduku lake linajulikana kwa kufuli tatu zenye funguo kwa watu watatu. Hiyo ni hekima. Lakini tazameni: funguo ni tatu, na daftari mara nyingi linaeleweka na mama mmoja tu. Akihama, akiugua, au vita vikimkimbiza, kikundi kinabaki na sanduku na ugomvi. Hata akiwa mwaminifu, hawezi kujitetea wakimshuku, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kuhakikisha hesabu zake.

Kwa hiyo, kikundi kikitaka kusaidia mtu asome, kisaidie wawili. Mmoja aandike, mwingine ahakikishe, na kila mwezi wasome hesabu kwa sauti mbele ya wote, dola na faranga kila moja kwa safu yake. Tangu benki za mji zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, wengi wetu tumezoea kupitisha pesa kwenye simu. Nambari ya kila ujumbe wa malipo iandikwe daftarini siku ileile, maana simu inaibiwa na ujumbe unafutika.

Na mama asiyeweza kwenda darasani mwaka huu? Anunue daftari la mistari, achore safu nne: tarehe, jambo, iliyoingia, iliyotoka. Nyuma aandike madeni: nani, kiasi gani, lini atalipa. Aanze Jumatatu. Siku atakapoingia darasani, atakuwa tayari amejua nusu ya somo.