Chumvi, Mji na Shinikizo la Damu

Shinikizo kubwa la damu hukua kimya kimya kwa miaka mingi. Anayempima mgonjwa mara moja tu hawezi kutambua chanzo chake; hana budi kuanza na watu wenye afya, kisha kuwafuatilia.

Njia hiyo ilitumiwa nchini Kenya katika miaka ya 1980, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1990. Watafiti waliwafuatilia Waluo 325 waliohama vijijini, magharibi mwa nchi, kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao 267 waliobaki. Walipima pia mkojo, kwa kuwa sehemu kubwa ya chumvi tunayokula hutokea humo.

Muda mfupi baada ya kuhama, wastani wa shinikizo la damu la wahamiaji ulizidi ule wa wenzao. Katika mkojo wao, sodiamu ilikuwa nyingi zaidi kwa kulinganishwa na potasiamu: dalili ya chumvi kuongezeka, na ya potasiamu, ipatikanayo katika matunda na mboga, kupungua. Mapigo ya moyo pia yalikuwa ya kasi zaidi.

Makundi yote mawili yalikuwa na asili moja. Kilichobadilika ni maisha. Kwa hiyo ugonjwa huu hauelezwi kwa urithi peke yake. Chumvi tunayotia chunguni nayo ina neno lake.