Grafu inavyoweza kupotosha takwimu za Ngara na Biharamulo

MTU asiyeijua historia ya Mkoa wa Kagera akipewa takwimu za sensa tatu zilizopita za wilaya za Ngara na Biharamulo, akaambiwa azichore, anaweza kutoa picha inayopendeza macho lakini inayodanganya.

Takwimu zenyewe ni rasmi. Mwaka 2002 Biharamulo ilihesabiwa kuwa na watu 410,794, mwaka 2012 watu 323,486 na mwaka 2022 watu 457,114. Ngara ilikuwa na watu 334,939 mwaka 2002, watu 320,056 mwaka 2012 na watu 383,092 mwaka 2022.

Zikiunganishwa kwa mstari, Biharamulo itaonekana kama wilaya iliyokimbiwa na wakazi wake, kisha wakarejea. Halikutokea jambo hilo. Kilichobadilika ni mpaka. Chato, ambayo wakati wa sensa ya 2002 ilikuwa ndani ya Biharamulo, ilifanywa wilaya inayojitegemea katikati ya muongo huo na mwaka 2012 ikaingizwa katika Mkoa mpya wa Geita. Katika sensa ya 2012, Chato peke yake ilikuwa na watu 365,127.

Hivyo, kabla ya kuchagua aina ya grafu, mchoraji hana budi kujiuliza iwapo vitu anavyolinganisha ni vile vile. Kama mpaka umebadilika, ni heri aanzie mwaka 2012, au aukate mstari na kueleza sababu chini ya mchoro.

Kosa la pili linahusu kipimo cha wima. Kati ya 2002 na 2012 idadi ya watu wa Ngara ilipungua kwa asilimia 4 hivi. Grafu ya nguzo ikianzia sifuri, nguzo hizo mbili zitakaribia kulingana. Ikianzia 300,000, nguzo ya 2012 itakuwa fupi kwa zaidi ya theluthi moja kuliko ya 2002, na ile ya 2022 itakuwa ndefu mara nne ya ile ya 2012, ilhali ongezeko halisi ni asilimia 20 hivi. Nguzo husomwa kwa urefu wake. Ukikata shina lake, umekata ukweli.

Hata upungufu huo mdogo unahitaji maelezo. Sensa huhesabu watu wote waliolala nchini usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa, wakiwemo wageni. Mwaka 2002 kambi za wakimbizi kutoka Burundi, ikiwemo Lukole, zilikuwa bado wazi wilayani Ngara. Kufikia sensa ya 2012 zilikuwa zimekwisha kufungwa.

Tatu ni aina ya grafu. Grafu ya duara inafaa kuonyesha sehemu za kitu kimoja kizima, kwa mfano mgawanyo wa wakazi wa Kagera kwa wilaya, ambapo sehemu zote zikijumlishwa zinafika asilimia 100. Haifai kwa sensa tatu, kwa kuwa watu wa 2002 na wa 2022 si vipande vya mkate mmoja.

Grafu ya mstari inafaa pale vipimo vinapokaribiana kwa wakati. Vikiwa mbalimbali, mstari humfanya msomaji aamini kuwa katikati mambo yalikwenda taratibu.

Ngara ni ushahidi. Kuanzia Aprili 28, 1994, katika muda wa saa 24 hivi, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilayani humo, na kambi ya Benaco ikageuka mji. Desemba 1996 wengi wao walirejeshwa kwao. Mstari unaounganisha sensa ya 1988 na ile ya 2002 unapita juu ya miaka hiyo kana kwamba hakuna aliyevuka. Anayetaka kueleza ni kwa nini misitu, maji na zahanati vilielemewa hatapata jibu katika mstari huo. Anahitaji takwimu za kila mwezi.

Lengo likiwa kulinganisha kasi ya ongezeko, asilimia ndizo zinazofaa. Kati ya 2012 na 2022 Biharamulo iliongezeka kwa asilimia 41 hivi, yaani mara mbili ya kasi ya Ngara. Nguzo mbili zinazoanzia sifuri, kila moja ikiandikwa tarakimu yake, zinatosha. Rangi nyingi na vivuli havimwongezei msomaji chochote.

Suala hili si la wataalamu pekee. Madarasa, visima na dawa hugawanywa kwa kuangalia idadi ya watu, na mara nyingi wanaoamua huona mchoro kabla ya jedwali. Diwani au mwananchi anayeonyeshwa grafu ana haki ya kuuliza maswali matatu: kipimo kinaanzia wapi, mipaka ni ile ile, na katikati ya miaka hiyo kulitokea nini.