Bonge la Maada Lisilo na Nuru Litatambuliwaje?

Kimondo cha Ndolezi, wilayani Mbozi mkoani Songwe, kinachokadiriwa kuwa na uzito wa takriban tani 12 za chuma kilichochanganyika na nikeli, ni kitu kilichotoka angani ambacho mgeni anaweza kukigusa na kukizunguka. Maada nyeusi haigusiki hivyo: haitoi nuru wala haiizuii, na ingawa hukadiriwa kuwa asilimia 85 ya maada yote ya ulimwengu, hutambulika kwa jinsi inavyovuta vitu vingine tu.

Nadharia inayokubalika zaidi hueleza kwamba maada hiyo imejikusanya katika mabonge ya kila ukubwa, makubwa yakizibeba galaksi na madogo yakikosa hata nyota moja. Madogo hayo ndiyo yenye ushahidi unaotafutwa, kwa kuwa yakiwa mengi yatathibitisha kwamba chembe za maada nyeusi huenda polepole, na yakiwa haba itabidi nadharia yenyewe irekebishwe.

Njia mojawapo ya kuyatafuta ni mawimbi ya uvutano, yaani mitikisiko ya anga na wakati inayotokea mashimo meusi yanapozungukana na kuungana, ambayo ilinaswa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Septemba 2015 na mitambo ya LIGO nchini Marekani. Kitu kizito hupinda njia ya mawimbi hayo kama lenzi ipindavyo nuru. Lakini wimbi linalotikisika mara 100 kwa sekunde lina urefu wa kilomita 3,000 hivi, na likikutana na bonge dogo hulizunguka na kuungana tena nyuma yake, kama wimbi la Ziwa Rukwa linavyoupita mti uliosimikwa majini, likaacha michirizi inayokutana. Uzuri wa njia hii upo hapa: mlio wa mashimo meusi, yaani idadi ya mitikisiko ya mawimbi yake kwa sekunde, hupanda haraka kabla hayajaungana, na kwa kuwa bonge hukuza kila kiwango cha mlio kwa kadiri tofauti, mlio mmoja unaweza kubeba alama ya uzito wa bonge hilo, hata kama ni la mamia au maelfu ya uzito wa Jua.

Katika awamu tatu za kwanza za uchunguzi wa LIGO haukupatikana ushahidi wa kuridhisha wa wimbi lililopindwa hivyo. Chombo cha LISA cha Shirika la Anga la Ulaya, ambacho setilaiti zake tatu zitatenganishwa kwa kilomita milioni 2.5 ili zinase mawimbi marefu zaidi, kimepangwa kurushwa mwaka 2035.