Mguu Usiotii Amri

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana huko Kashasha, upande wa Bukoba, wanafunzi watatu walishikwa na kicheko wasichoweza kukizuia. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikwisha kupatwa. Vipimo havikuonyesha vijidudu wala sumu. Ilipofunguliwa tena tarehe 21 Mei, kicheko kilirejea.

Huko Kashasha maradhi yalikwenda kwa mkumbo. Lakini maradhi ya jamaa hiyo humpata pia mtu mmoja peke yake, pengine kwa miaka: mguu hulegea, mkono hutetemeka, au mwili hukakamaa kwa mshtuko unaofanana na kifafa. Wataalamu huyaita maradhi ya utendaji wa neva. Wakazi wa Upare watafahamu upesi: ndiva imejaa, mfereji haukubomoka, ila zamu za maji zimevurugika, na shamba linakauka kweli. Ubongo na neva havina jeraha, lakini amri hazifiki zinakotakiwa.

Mwaka 1908 daktari Mmarekani, Charles Hoover, alieleza njia ya kuyatambua. Mgonjwa hulazwa chali, akaambiwa akandamize kitandani kisigino cha mguu dhaifu: hawezi. Kisha huambiwa auinue mguu wa pili huku daktari akiuzuia. Hapo kisigino kile kile hukandamiza kwa nguvu, bila mwenyewe kukusudia. Nguvu ipo, ila hupotea anapoitafuta. Kumwonyesha mgonjwa jambo hili ni mwanzo wa tiba, kuliko kumwambia "huna kitu", neno linalomfukuza hospitalini.

Kwa sababu hiyo mazoezi hufanywa mawazo yakiwa kwingine: kutembea kinyumenyume, kuhesabu hatua, kufuata mdundo wa wimbo. Anayekaa Kileo, kwenye tambarare chini ya milima, si rahisi afike hospitali ya KCMC, Moshi, kila wiki. Kazi kubwa hufanyika nyumbani, kidogo kidogo. Siku ya nafuu asilime mpaka jioni, maana kesho yake huenda asiinuke. Siku mbaya asilale kutwa. Maradhi huweza kurudi baada ya uchovu, majonzi au homa, na kurudi huko si kusema tiba imeshindwa. Dawa za kifafa haziponyi mshtuko wa namna hii. Lakini wapo wenye maradhi yote mawili, hivyo mtu asiziache bila idhini ya daktari. Dalili mpya hapana budi ipimwe.

Mwanafunzi akianguka darasani, mwalimu aondoe madawati, asimbane wala kumtia kitu kinywani, azungumze naye kwa upole, na akipata nafuu amrudishe kwenye somo.