Boti ya wagonjwa Delta: ndani yake kunafungwa nini?

Mgonjwa akizidiwa usiku katika delta ya Rufiji, swali la kwanza ni maji yako wapi. Yakiwa yamejaa, boti inakatiza kwenye vijito vya mikoko. Yakiwa yamekupwa, boti inalala kwenye tope, na mama mwenye uchungu anasubiri nayo.

Daraja la Mbuchi limewapunguzia watu adha hiyo, maana gari linavuka. Lakini wanaoishi visiwani bado wanategemea boti. Kwa hiyo safari ya rufaa mara nyingi ni ya vyombo viwili: boti mpaka dikoni, kisha gari mpaka hospitali. Mafundi wengi hukosea hapo. Wanaandaa boti peke yake na gari peke yake, kana kwamba mgonjwa si yule yule.

Chukua machela. Ikipigiliwa ndani ya boti, mgonjwa atashushwa kwa kanga, watu wakiwa kwenye tope la magoti. Mama anayevuja damu au mtu aliyevunjika mguu hafai kubebwa hivyo. Machela nzuri inachomoka, ina mishikio minne, na inaingia kwenye reli za gari bila mgonjwa kuhamishwa. Iwe na upana wa kumtosha mjamzito alale ubavu wa kushoto, kwa sababu akilala chali mimba kubwa hukandamiza mshipa unaorudisha damu kwenye moyo. Mikanda yake ifunguke kwa mvuto mmoja, na mgonjwa avalishwe jaketi la kuokolea kama abiria wengine. Boti ikipinduka, hakuna muda wa kufungua mafundo.

Kisha hewa. Mtungi wa oksijeni wa saizi E ukijaa hushika takriban lita 680. Mgonjwa akipewa lita 5 kwa dakika, utadumu kama saa mbili na robo. Kama boti inatumia saa moja na nusu na gari saa moja na nusu, mtungi mmoja hautoshi, na wa akiba lazima uwe na kiungio kinachoingia kote kuwili. Mitungi ifungwe imara upande wa mbele, mbali na tanki la petroli na mashine. Oksijeni yenyewe haiwaki, ila inaufanya moto mdogo uwe mkubwa. Usipake grisi wala mafuta kwenye valvu yake, hata kama imekaza.

Boti yenyewe iwe na tumbo bapa, na mashine inayoinuka kwenye maji madogo. Propela ya akiba na plagi zikae ndani ya boti. Zikiachwa nyumbani kwa nahodha hazisaidii mtu. Betri iwekwe juu, taa kubwa iwe mbele, na turubai iwepo kwa jua na mvua. Maji ya chumvi hayana huruma: mashine ioshwe kwa maji baridi kila safari inapokwisha.

Kwa upande wa gari, wengi wetu tumezoea kuona Land Cruiser. Lile bomba linalopanda kando ya kioo mpaka usawa wa paa si pambo. Linavutia injini hewa kutoka juu, ili gari likiingia kwenye dimbwi la masika injini isimeze maji.

Ving'ora na rangi? Vizuri, lakini kijitoni king'ora hakisukumi mtu pembeni.

Kuita usafiri, mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya siku 42, au mtoto mchanga wa hadi siku 28 anahudumiwa na mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Piga 115 bure. Anayepokea hutafuta gari la wagonjwa, na likikosekana, dereva wa jamii aliyesajiliwa. Ukipiga, taja mapema kama mgonjwa yuko ng'ambo ya maji, na kama maji yanajaa au yanakupwa.